Mashine ya Mzee Ouma na Akina Adongo

Kaloleni, Kisumu
Jumapili, baada ya Misa ya pili

Dada yangu Mghoi,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba kile kikohozi chake kimelegea sasa baridi ya Wundanyi inapoanza kuondoka. Je, anakula? Ulisema kwenye simu kwamba anakula, lakini najua unavyonificha mambo ya mama ili nisikose usingizi. Mwambie asiliache lile sweta la kahawia, hata jua likiwaka. Sisi huku hatujambo. Joto ni lile lile, mvua inanyesha jioni na kuacha matope mlangoni. Baba Wakio mgongo unamsumbua, ila anaenda kazini.

Uliniuliza kwa nini nilikaa wiki tatu bila kupiga simu, nikakujibu kwamba kazi ni nyingi. Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli wote. Nimeona afadhali niandike, maana simu ya huko kilimani inakatika, na jambo ukilisema kwa mdomo unalipunguza kidogo upande wako. Msomee mama. Ile sehemu ya kusaini, ukiona haimfai, iruke.

Wajua kwamba nilianza kwa masista kama mfagiaji, na kwamba baadaye Mzee Ouma aliomba nihamishwe chumba cha kumbukumbu nimsaidie. Yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wa rekodi za zahanati tangu wamisionari walipoileta ile kompyuta. Wewe ulidhani ni kama ile ya kwa chifu. Si hivyo. Hii ni sanduku la chuma, kimo chake kama jokofu dogo, na vioo viwili vya maandishi ya kijani. Haina picha hata moja, wala kile kipanya cha kusukuma mezani. Ukiiwasha inakuonyesha nukta mbili, moja juu ya nyingine, halafu inanyamaza. Inangoja useme unataka nini.

Siku ya kwanza nilimwambia Mzee kwamba mimi niliishia kidato cha pili, kompyuta ni ya waliosoma. Akasema, "Nyar Taita, hii haitaki digrii. Inataka adabu." Ananiita hivyo, binti wa Taita, kwa sababu wenyeji huku humwita mwanamke kwa jina la kwao.

Alinifundisha miezi minne, nami nikiandika kwenye daftari la mraba. Alisema kompyuta nyingine ni kama nyumba, na ndani ya nyumba ndipo unaweka kabati la faili. Hii yenyewe ni kabati, hakuna nyumba. Kila kilichomo ni droo na kadi. Hata maneno ya kuiamrisha ni kadi, yamewekwa kwenye droo yake inayoitwa kamusi. Ukiandika neno isilolijua, inakujibu kwamba neno hilo halitambuliki, basi, haikasiriki. Ukitaka ilijue, unafungua ile droo ya kamusi na kuliandika, na kuanzia hapo inakuelewa. Kwa hiyo Mzee Ouma, kwa miaka yote hiyo, alikuwa ameijaza maneno yake. Mengine ya Kiingereza, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kijaluo, kama yalivyomjia siku hiyo. Unaiandikia sentensi, nayo inaleta kadi. Dada, mimi ambaye Kiingereza kilinishinda darasani, nilikuwa naandika sentensi na kompyuta inatii. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, na labda nilijivuna kidogo pia.

Sasa kuna jambo moja lazima nikueleze, kwa sababu yote yaliyofuata yamesimama juu yake. Kwenye droo ya uzazi, kila mama akijifungua anafunguliwa kadi moja. Kuna mstari wa jina la mtoto, mstari wa saa, na mingine. Wakizaliwa wawili, hufungui kadi ya pili. Kwenye mstari ule ule unaandika jina la kwanza, unaweka alama, ambayo kwenye kioo inaonekana kama mabano ya mraba yanayofunga bila kufungua, kisha unaandika jina la pili. Mzee aliipenda sana ile alama. Alisema, "Mzungu aliyetengeneza hii alijua binadamu. Hakuuliza kwanza utazaa wangapi ndio akupimie nafasi."

Na mapacha huku ni wengi. Tena majina yao hayangojwi. Kwa Wajaluo, pacha anayetangulia ni Opiyo akiwa mvulana, Apiyo akiwa msichana. Anayefuata ni Odongo au Adongo. Hakuna mjadala. Mama bado amelala kitandani na majina tayari yako kwenye kadi.

Mzee Ouma alistaafu akarudi kwao Bondo. Masista wakaamua kununua mfumo mpya, na kampuni ya Nairobi ikamtuma injinia, binti anaitwa Linet, ahamishe kadi zote. Binti mzuri, mpole, ananiita Mama Wakio, na kila asubuhi ananiuliza kama nimekunywa chai. Akawa anavuta kadi kutoka kwenye sanduku la chuma kwenda kwenye kompyuta yake ndogo ya kukunja. Siku ya tatu aliniita.

"Mama Wakio, hebu ona. Hii alama ni nini? Inatokea hapa na hapa."

Niliitazama. Yalikuwa ni yale mabano.

Dada, niliijua. Niliijua kama ninavyojua jina langu. Lakini yeye alikuwa amekaa na digrii yake, vidole vinakimbia bila kuangalia, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumweleza, nikayaona yote ni ya kitoto. Kabati, droo, kadi. Niliona nitasema upuuzi mbele ya msomi. Nikamwambia, "Ni mashine tu hiyo, imezeeka."

Akaitikia, "Nilidhani hivyo. Ni uchafu," akaendelea.

Alipomaliza, akanipa karatasi ya kuhakiki. Nihesabu kadi za zamani, nihesabu za mfumo mpya, zikilingana nisaini. Nilihesabu kwa uaminifu kabisa. Zililingana, hakuna hata moja iliyopungua. Nikasaini jina langu lote. Sanduku la chuma wakalichomoa waya, wakaliweka barazani chini ya turubai, na Sista Mkuu akapatana na mnunuzi wa vyuma chakavu aje Alhamisi ya wiki iliyofuata.

Jumatatu ya wiki hiyo akaja mama mmoja muuza samaki kutoka Dunga, na binti yake wa miaka kama kumi na minne, amevaa sare ya shule. Yule mama alikuwa na ile sauti ya watu wa ufukweni, waliozoea kuongea injini ikiwaka.

"Sista, mimi nataka barua mbili za kuzaliwa. Ya Apiyo na ya huyu, Adongo. Shule inataka cheti ya kuzaliwa ama barua ya hospitali ndio waandikishwe mtihani, na mwisho ni Ijumaa. Kadi za kliniki ziwa ilikuja ikachukua na godoro."

Nikamwambia mimi si Sista, akasema ni sawa, nimfanyie tu. Nikatafuta jina lake kwenye mfumo mpya. Perpetua Akoth, Dunga. Akatokea haraka, rangi ya buluu, safi. Mtoto: Apiyo. Basi.

"Mama, naona Apiyo peke yake."

"Angalia chini."

"Hakuna chini, Mama. Inaonyesha ulijifungua mtoto mmoja."

Akanitazama, akamtazama binti yake, akanitazama tena. "Na huyu nilivua kwa nyavu?"

Watu kwenye benchi wakacheka. Yeye hakucheka. "Beach nzima inaniita Min Rude, mama ya mapacha. Hata wale wananidharau wananidharau na hilo jina. Sasa nirudi niwaambie kompyuta imekataa mmoja?"

"Mama, tutaangalia..."

"Apiyo atafanya mtihani, huyu atakaa nyumbani akianika omena? Walikuwa kwa tumbo moja, yawa! Andika tu."

Nikamwambia siwezi kuandika barua kwa kitu kisichoonekana kwenye rekodi. Hilo ni kweli, ndiyo sheria ya zahanati, na ofisi ya vizazi haikubali barua isiyo na namba ya kadi. Adongo mwenyewe alikuwa anakuna wino kwenye kidole chake. Walipokuwa wanatoka nilimsikia akimwuliza mama yake, kwa sauti ya kawaida tu, "Kwani mimi nilizaliwa wapi?"

Niliketi. Halafu nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya kabla ya kusaini. Nikatafuta mtoto anayeitwa Adongo kwenye mfumo mzima, miaka yote. Hakuna. Nikatafuta Odongo. Hakuna. Nikatafuta Opiyo na Apiyo, wakajaa kurasa kwa kurasa. Hapa Kisumu, zahanati ya miaka yote hiyo, pacha wa kwanza wote wapo na wa pili hajazaliwa hata mmoja. Kila kilichokuwa baada ya ile alama kilikuwa kimekatwa. Na mimi nilikuwa nimehesabu akina mama, sikuhesabu watoto.

Sitakuandikia nilivyojisikia, haisaidii. Nilisali Salamu Maria tatu, nikaenda kugonga kwa Sista Mkuu. Nikamweleza yote, na alama, na swali la Linet, na jibu langu. Alinisikiliza akiwa ameshika kalamu.

"Ulisaini?"

"Nilisaini, Sista."

"Ukijua ile alama?"

"Nikiijua."

Akaiweka kalamu chini. "Mtafute Mzee Ouma. Mengine tutayazungumza baadaye."

Mzee alipokea simu akiwa shambani. Nilipomwambia mashine imezimwa, akauliza, "Wameizima vizuri ama wamechomoa waya?"

"Wamechomoa."

Nilimsikia akitupa jembe chini. Halafu akasema, "Usiiwashe. Usiiguse. Nakuja."

Alifika Jumatano saa tatu asubuhi na kofia yake ya Jumapili. Aliondoa turubai kama mtu anayemfunua mgonjwa, akapitisha mkono ubavuni. Mvua ilikuwa imepiga barazani, chuma kilikuwa na unyevu. Akafungua mlango wa pembeni kwa bisibisi, akaagiza feni ya wodini, akaielekeza ndani, tukangoja. Alikataa chai. Nikamwuliza kama itawaka. Akajibu, "Mimi si Mungu wake, mimi ni jirani yake tu."

Saa nane, kabla feni haijamaliza kazi yake, mnunuzi wa vyuma akafika na mkokoteni, siku moja mapema.

"Sista, nimekuja kuchukua chuma."

Sista Mkuu akamwambia angoje.

"Chuma inangoja nini, Sista? Chuma haina haraka, mimi ndio niko na haraka."

"Basi kaa kwenye benchi na haraka yako," akasema Mzee Ouma bila kugeuka.

Feni ilipomaliza, akaiwasha mashine. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, ikalia kwa ndani mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia, na Mzee akainua mkono ili tusiongee. Mlio ukashuka, ukawa mnene, ukawa ule wa kila siku. Kioo kikaanza kuhesabu. Kisha zikaja zile nukta mbili, moja juu ya nyingine.

Mzee akasogeza kiti, lakini hakukaa. "Kaa wewe. Mimi macho yana mtoto wa jicho, herufi naona kama mchele. Andika haraka, sijui itasimama kwa muda gani."

Nikakaa. Nikaandika kwamba iorodheshe droo ya uzazi, wale ambao mtoto wao ni Adongo. Ikajibu: neno MTOTO halitambuliki.

"Mzee, imekataa mtoto."

"Umeandika nini?"

"Mtoto."

"Nyar Taita! Nani aliandika hiyo kamusi?"

"Wewe."

"Na mimi ni mtu wa wapi?"

Hapo nikakumbuka daftari langu. Nikaandika upya, LIST UZAZI WITH NYATHI = "ADONGO", maana mtoto kwa Kijaluo ni nyathi, na siku Mzee alipoweka neno hilo pengine alikuwa amewaza nyumbani. Nikabonyeza.

Wakaja. Dada, wakaja mstari baada ya mstari, kijani, kutoka chini kwenda juu. Adongo wa Dunga, Adongo wa Nyalenda, Adongo wa Kaloleni hapa hapa tunapokaa. Kioo kikajaa, kikauliza kama niendelee, nikabonyeza, kikajaa tena. Mzee alikuwa hawezi kuwasoma, akawa anasimama nyuma yangu akisikiliza nikiwataja, akiitikia "eee" kwa kila mmoja kama mtu anayeitiwa majina ya wajukuu. Mwenye mkokoteni alikuwa ameinuka kwenye benchi, akauliza, "Hebu tafuta Odongo wa Manyatta, ni ndugu yangu." Yupo. Akakaa akasema basi, chuma kingoje.

Tuliunganisha ile printa ya zamani, ikapiga kelele mpaka jioni, na mapacha wote wakatoka kwenye karatasi kabla mashine haijazimwa. Safari hii Mzee aliizima mwenyewe, kwa utaratibu wake.

Linet alikuwa amefika alasiri. Alisimama mlangoni akitazama karatasi zinavyotoka, uso umembadilika. Akanivuta kando.

"Mama Wakio, kumbe ulijua?"

"Nilijua."

"Si ungeniambia tu?"

"Nilikuogopa."

Akatazama chini. "Hata mimi nilitaka kukuuliza tena, maana uchafu hauji mahali pamoja kila mara. Nikaona nitaonekana sijui kazi."

Tangu siku hiyo tunakaa pamoja, yeye ametengeneza nafasi ya watoto kadiri wanavyokuja, nami namsomea kadi moja moja, ndiyo hizo wiki mbili zilizobaki ambazo hukunisikia. Nilikwenda kuungama pia, kwa Padri, ingawa niliona haya zaidi mbele ya Sista. Sista Mkuu hakunifukuza. Aliichana ile karatasi niliyosaini, akanipa nyingine tupu, akasema, "Hii utasaini ukishahesabu watoto."

Ijumaa saa mbili asubuhi Min Rude, niliyekuwa nimemtumia ujumbe, alikuwa mlangoni na wasichana wote wawili. Wamefanana hadi kovu la chanjo. Nikawapa barua, kila mmoja yake, imepigwa mhuri. Mama hakunishukuru, alizikunja akaziweka kifuani pale wanapoweka vitu ambavyo ziwa halifiki, kisha akasema atanitumia samaki, na siyo mdogo. Lakini Adongo alimwomba mama yake ampe ya kwake kidogo. Akaisoma pale pale, midomo ikitembea. Akaisoma tena.

"Na uzito wangu pia iko?"

"Iko."

"Kilo mbili na mia nne," akasoma. Akamgeukia dada yake. "Wewe?"

Apiyo akaiomba ya kwake kwa mama yao, akatazama, akakataa kusema. Adongo akainyakua.

"Mbili na mia moja!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Apiyo, ulikimbia mbele ukiwa mwembamba hivyo, ulikuwa unaenda wapi?"

Wakashuka njia ya Dunga kwa haraka, maana shule ilikuwa inafunga majina saa sita. Niliwasikia wakibishana mpaka kona. Mchana Min Rude akapiga simu ya zahanati, akasema neno moja tu, "Wote," akakata.

Hayo ndiyo yaliyoniweka kimya. Niombee, kwa maana bado najikuta nikitaka kunyamaza mbele ya waliosoma.

Nisalimie mama na umbusu mikono. Nisalimie shemeji Mwadime, fundi wetu wa mabomba, na mjomba Mwakio anayepiga kengele ya kanisa. Binti yako Wawuda mwambie barua yake ya shule niliipata, na hesabu alizokosea nimeziona. Mama jirani, yule wa maziwa, mwambie sijamsahau. Baba Wakio anawasalimu nyote, anasema mgongo ukipona mtamwona Desemba.

Mungu awafunike huko milimani,
mdogo wako akupendaye,

Wakesho